Mchungaji Bruno Gutmann (1876–1966): Mtumishi Aliyesikiliza Kwanza, Kisha Akafundisha

Utangulizi



Kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia moja kina majina mengi. Yamo majina ya wachungaji waliotuhudumia, wainjilisti waliotembea kwa miguu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, wazee wa kanisa, walimu, na akina mama waliobeba mawe na mchanga wa kujengea kanisa letu. Hata hivyo iliombwa kwamba pawepo pia sura moja kuhusu mtu ambaye hakupata kuwa mchungaji wa usharika huu, lakini ambaye kazi yake imegusa namna sisi Walutheri wa Kilimanjaro tunavyowalea watoto wetu katika imani. Mtu huyo ni Mchungaji Dkt. Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig.

Wazee wetu walilijua jina hilo vizuri. Vijana wengi wa leo hawalijui, au wamelisikia tu kama jina la mzungu mmoja wa zamani. Katika sura hii sitamsimulia kama mtakatifu asiye na doa, wala sitamhukumu kana kwamba aliishi katika siku zetu. Nitaeleza alikotoka, alivyofanya kazi, alipofanikiwa na alipokosea. Swali linaloiongoza sura hii ni moja, nalo linatuhusu sote: Je, imani hutokaje kwa mzazi ikaingia kwa mtoto na kukaa humo?

Kuzaliwa na maandalizi yake

Bruno Gutmann alizaliwa tarehe 4 Julai 1876 katika mji wa Dresden, nchini Ujerumani. Hakutoka katika nyumba ya matajiri. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali ya mtaa, na katika miaka hiyo alijiunga na vijana Wakristo wenzake waliokuwa wakikutana kwa ajili ya Neno na sala. Mwaka 1895 alipokelewa katika seminari ya Misioni ya Leipzig ili aandaliwe kwa kazi ya Injili.

Miji ya Ujerumani wakati ule ilikuwa ikibadilika kwa haraka sana. Watu waliyaacha mashamba ya baba zao wakaenda viwandani. Mtu aliweza kuishi katika nyumba kubwa yenye jamaa nyingi bila kumjua jirani wa mlango wa pili. Gutmann aliiona hali hiyo kwa macho yake, nayo ilimhuzunisha. Aliona kwamba mtu aliyekatwa kutoka kwa ukoo wake na jirani zake hukatwa kwa urahisi na kutoka kanisani pia. Wazo hilo alikuja nalo Afrika, na tutaona jinsi lilivyomsaidia katika mambo mengine na kumzuia katika mengine.

Kufika Kilimanjaro

Gutmann alifika Kilimanjaro mwaka 1902. Injili ilikuwa imekwisha kutangulia mbele yake. Wamisionari Waanglikana wa Uingereza walifanya kazi Moshi tangu mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892 kutokana na vita kati ya Wajerumani na Mangi Meli. Mwaka uliofuata, 1893, wamisionari wa Leipzig walifika na kuanza kazi yao Machame. Baadaye kazi ilienea Mamba, Moshi na mahali pengine.

Yafaa tukumbuke hali ya nchi ilivyokuwa siku zile. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli pamoja na viongozi wenzake wa Wachagga, Wameru na Waarusha walinyongwa na Wajerumani kule Moshi ya Kale. Kwa hiyo Gutmann alipofika, ilikuwa imepita miaka miwili tu tangu siku ile ya msiba. Watu walimwona Mjerumani mwingine akipanda mlima. Hawakuwa na sababu ya kumfungulia mioyo yao, na hakuna amri wala bunduki ambayo ingeweza kumfungulia.

Alianza kazi Mamba, kisha Machame, na baadaye akatumwa kufungua kazi mpya Masama. Katika miaka hiyo ya kwanza alijitia kwa bidii katika kujifunza Kichagga, hata akakijua pamoja na mafumbo, methali na maneno ya heshima ambayo wazee huyatumia wanapozungumza mambo mazito. Mwaka 1909 alichapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu fikra na masimulizi ya Wachagga. Kuanzia mwaka 1910 akawekwa Moshi ya Kale, katika kituo cha Kidia, na huko ndiko alikofanya sehemu kubwa ya kazi ya maisha yake.

Mwanafunzi wa wazee

Wamisionari wengi wa nyakati zile walikuja na mafundisho yaliyokwisha kupangwa, na waliona kwamba kazi ya wenyeji ni kusikiliza. Gutmann naye alihubiri na kufundisha, kwa maana hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa. Lakini pamoja na kuhubiri alifanya jambo ambalo wachache walilifanya kwa uvumilivu kama wake. Aliketi na wazee akawasikiliza. Aliwauliza jinsi mashauri ya mashamba yalivyoamuliwa, jinsi ndoa zilivyofungwa, jinsi mifereji ya maji ilivyochimbwa na kugawanywa kwa zamu, jinsi ugomvi wa ndugu ulivyosuluhishwa, na jinsi vijana walivyofundishwa kabla ya kuhesabiwa kuwa watu wazima.

Aliyoyasikia aliyaandika. Mwaka 1926 alitoa kitabu kikubwa kuhusu sheria za Wachagga, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Würzburg kikampa shahada ya heshima ya udaktari wa sheria. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1924, Chuo Kikuu cha Erlangen kilikuwa kimempa shahada ya heshima ya udaktari wa theolojia. Ni vema tutambue kwamba elimu iliyomletea heshima ya sheria ilikuwa elimu ya wazee wetu. Wao ndio waliokuwa walimu, na yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi, ingawa majina ya wengi wao hayakuandikwa juu ya majalada ya vitabu vile.

Kazi yake kubwa kuliko zote katika uandishi ni ile ya kukusanya mafundisho ambayo Wachagga waliwapa vijana wao wa kiume na wa kike. Ilitoka katika vitabu vitatu kati ya mwaka 1932 na 1938, ikiwa na maneno ya Kichagga pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Humo yameelezwa mafundisho ya kuheshimu wazazi, kutunza mwili, kujiandaa kwa ndoa, kufanya kazi na kuishi na jirani. Yameelezwa pia matumizi ya mregho, yaani ufito uliochorwa alama, ambao mwalimu aliutumia kufundishia. Kila alama ilikuwa kichwa cha somo. Kijana aliitazama alama, akasikia wimbo na maneno ya fumbo, na mzee akamfunulia maana yake hatua kwa hatua.

Gutmann alijifunza mambo mawili hapo. La kwanza, mafundisho yale hayakutolewa kwa kijana akiwa peke yake. Alifundishwa pamoja na wenzake wa rika lake, na mbele ya wazee waliomjua yeye na ukoo wake. La pili, mafundisho hayakumwagwa yote kwa siku moja. Mzee alitazama kama kijana amelishika somo la kwanza ndipo akampa la pili. Mwalimu aliyefundisha bila kumtazama mwanafunzi hakuhesabiwa kuwa amefundisha.

Si kwamba aliyakubali yote aliyoyasikia. Hofu ya mizimu, sadaka zilizotolewa kwa wafu, na mambo mengine yasiyopatana na Injili aliyakataa, kama walivyoyakataa wamisionari wenzake. Lakini hakukubali kwamba, kwa sababu ya mambo hayo, hekima yote ya wazee itupwe kama takataka. Aliamini kwamba Mungu alikuwa ameitunza nchi hii kabla mmisionari hajafika, na kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe aliwapa watu ili wasiishi kama wanyama wa porini. Injili, kwa maoni yake, haikuja kuvikata vifungo hivyo. Ilikuja kuvisafisha na kuvitia uzima mpya katika Kristo.

Ngao: vijana wa kipaimara

Mawazo hayo aliyatia katika kazi ya usharika. Usharika wa Moshi ulipangwa kwa mitaa kufuatana na ujirani wa watu, na kila mtaa ukawa na wazee wake. Wazee hao hawakuwa watu wa kukusanya sadaka tu. Walipaswa kujua ni nani mgonjwa, ni mjane yupi ambaye nyumba yake inavuja, ni ndugu gani hawasemezani, na ni mtoto wa nani ameacha kuja katika mafundisho. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kinachoeleza namna hiyo ya kujenga usharika juu ya msingi wa Injili.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni lile alilolifanya na vijana wa kipaimara. Katika desturi ya zamani, vijana wa rika moja walifungamanishwa wao kwa wao, ili kila mmoja awe kama ngao ya mwenzake. Vitani, mtu hakusimama peke yake, bali alikingwa ubavuni na ngao ya jirani yake. Gutmann aliichukua desturi hiyo akaitia katika kipaimara. Vijana waliojiandaa kubarikiwa waliunganishwa katika vikundi vidogo vya ngao, chini ya uangalizi wa watu wazima. Kila mmoja aliwajibika kwa mwenzake. Mmoja akikosa mafundisho, wenzake walimfuata. Mmoja akianguka katika jambo baya, wenzake walihuzunika naye, wakamwonya na kumrudisha. Baada ya siku ya kubarikiwa kifungo hicho hakikukoma. Ilikusudiwa kwamba waendelee kuwa ngao kila mmoja kwa mwenzake katika ndoa zao, katika kazi zao na katika ibada.

Tukitazama kwa makini tutaona kwamba katika mpango huo Katekisimo Ndogo ya Luther haikuwekwa kando. Vijana waliisoma na kuikariri kama tulivyofanya sisi. Tofauti ni kwamba hapakuwa na kijana aliyeachwa na kitabu peke yake. Maneno aliyoyakariri yalikuwa na watu wa kuyashuhudia: rafiki aliyekuwa ubavuni mwake na mzee aliyekuwa mbele yake.

Miaka ya kujaribiwa, 1920–1925

Vita Kuu ya Kwanza ilileta mabadiliko makubwa. Wajerumani walishindwa, na nchi ikaingia chini ya Waingereza. Mwaka 1920 wamisionari wa Ujerumani walilazimishwa kuondoka, na Gutmann akawa miongoni mwao. Wachache tu waliotoka nchi za Baltiki waliruhusiwa kubaki, na hao hawakuweza kwa vyovyote kuzihudumia sharika zote. Baadaye Walutheri wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia kwa muda, kabla ya kazi yao kuhamia Iramba.

Katika miaka hiyo sharika za Kilimanjaro zilibebwa na walimu na wazee wa kanisa wenyeji. Ndio waliofundisha watoto, waliozika wafu, waliowaombea wagonjwa na kuwakusanya watu siku ya Bwana. Wengi walikuwa na elimu ya miaka michache tu, na mishahara yao ilikuwa midogo au haikuwapo kabisa. Lakini Kanisa halikufa. Usharika wetu, ambao leo unatimiza miaka mia moja, ni mmoja wa watoto waliozaliwa katika kipindi kile cha uhaba, na hatuna budi kulikumbuka jambo hilo kwa shukrani.

Mtu akiuliza kama kazi ya Gutmann na ya wenzake ilikuwa na mizizi, jibu lake limo katika miaka ile. Mmisionari aliondolewa, na imani ikabaki. Ilibaki kwa sababu ilikuwa imekwisha kuingia katika nyumba, katika mitaa na katika midomo ya watu waliozungumza na watoto wao kwa lugha ya nyumbani. Mahali ambapo imani ilikuwa jambo la kituo cha misioni tu, ilipungua mmisionari alipoondoka. Mahali ambapo ilikuwa jambo la jirani na jirani, iliendelea.

Kurudi kwake, na mambo aliyoyakosea

Marufuku ilipoondolewa mwaka 1925, wamisionari wa Leipzig walianza kurudi, na Gutmann akarudi kwa watu wake wa Moshi. Alikuta nchi iliyobadilika. Mwaka huohuo wakulima wa Kichagga waliunda chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 kikaundwa Chama cha Ushirika cha KNCU. Fedha za kahawa ziliingia katika nyumba nyingi. Vijana walitaka shule za juu, walitaka kujua Kiingereza, walitaka kazi za ofisini na za mjini. Walimu waliolibeba Kanisa katika miaka ya upungufu walitaka nao kuhesabiwa kuwa viongozi kamili. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 wachungaji wazalendo wa kwanza wa Kilimanjaro wakabarikiwa.

Ni lazima tuseme kweli kwamba katika mambo haya Gutmann hakuwaelewa vijana kama alivyowaelewa wazee. Alikuwa ameuona mji wa Ulaya ukiwararua watu, naye akaogopa kwamba fedha, shule ya mtindo wa kizungu na maisha ya mjini vitawararua Wachagga pia. Woga huo haukuwa bure, kwa maana mengi aliyoyahofu tumeyaona. Lakini woga ulimfanya asione kwamba kiu ya elimu waliyokuwa nayo vijana wale inaweza nayo kuwa sauti ambayo Mungu anaitumia. Wengine waliosoma walimwona kuwa anataka kuwarudisha nyuma, na walikuwa na sababu ya kuona hivyo. Aliwaheshimu wazee kwa kuwasikiliza. Vijana hakuwasikiliza kwa kipimo kilekile.

Jambo la pili ni kuhusu kabila. Gutmann alisifu mno vifungo vya ukoo na kabila, hata ikawa rahisi kwa msomaji kudhani kwamba Kanisa ni la ukoo au kabila fulani. Katika miaka ileile, huko kwao Ujerumani, maneno ya damu na taifa yalikuwa yakitumiwa kwa uovu mkubwa na watawala. Baada ya Vita Kuu ya Pili wanatheolojia wa Ulaya walimkosoa kwa jambo hilo, na baadhi ya waliyosema yalikuwa na haki. Sisi leo tunaabudu pamoja tukiwa watu wa makabila mengi, na tunajua kwamba maji ya ubatizo yametuunganisha kwa kifungo kilicho kikubwa kuliko damu.

Nimeyaeleza haya kwa sababu mtu anayetoa urithi hana budi kutoa na hesabu yake. Hatuwaheshimu waliotutangulia kwa kuficha makosa yao.

Mwisho wa safari yake

Gutmann aliendelea na kazi mpaka mwaka 1938, alipostaafu na kurudi Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1939, Agano Jipya katika Kichagga cha Moshi, ambalo yeye alilifanyia kazi ya tafsiri, lilichapishwa. Hivyo, baada ya kusikiliza maneno ya wazee kwa miaka mingi, aliwaachia watu Neno la Mungu katika lugha ambayo wazee hao walikuwa wamemfundisha.

Makao yake ya uzee yalikuwa Ehingen, katika jimbo la Bavaria. Aliishi miaka mingi baada ya kustaafu, hata akafikia siku ambayo huenda hakuitazamia alipokuwa kijana: tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa moja, ambalo leo tunaliita KKKT, na mkuu wake wa kwanza akawa Askofu Stefano Moshi, mtoto wa mlima huu. Miaka mitatu baadaye, tarehe 17 Desemba 1966, Bruno Gutmann alilala katika Bwana akiwa na umri wa miaka 90.

Tunachojifunza

Katika Maandiko tunayo habari ya kijana Samweli na kuhani Eli. Samweli aliitwa usiku, naye hakujua ni nani anayemwita. Eli, aliyekuwa mzee na macho yake yamefifia, ndiye aliyetambua kwamba ni Bwana, akamwelekeza kijana namna ya kuitika. Mara nyingi tunaihubiri habari hii kwa watoto, nasi tunaishia hapo. Lakini habari inaendelea. Ilipokucha, Eli alimwita kijana na kumtaka amwambie yote bila kumficha neno, ingawa neno lenyewe lilikuwa gumu na lilimhusu Eli mwenyewe na nyumba yake. Mzee alimfundisha kijana kusikiliza, kisha naye akakubali kumsikiliza kijana.

Nikiyatazama maisha ya Gutmann kwa nuru ya habari hii, naona kwamba aliishika sehemu moja kwa nguvu zake zote. Alijua kwamba kijana hawezi kuitambua sauti ya Mungu kama hapana mzee aliye karibu wa kumwelekeza. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe, pamoja na elimu yake, alipaswa kuketi kwanza na kusikia. Sehemu ya pili, ile ya asubuhi, ilimshinda. Alipoanza kusikia kutoka kwa vijana maneno ambayo hakuyapenda, masikio yake yalikuwa mazito.

Kwetu sisi sehemu zote mbili zinahitajika. Watoto wetu wako Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam na ng'ambo ya bahari. Wengi hawajui lugha ya babu zao. Kipaimara kimekuwa kwa wengine ni miaka miwili ya kukariri, mtihani, nguo nyeupe na sherehe, na baada ya hapo kijana haonekani tena mpaka siku ya ndoa yake. Si haki kuwalaumu vijana peke yao. Tujiulize: katika miaka hiyo miwili, ni mtu mzima gani wa usharika aliyemjua kijana huyo kwa jina na kumwuliza anachokipitia? Ni mwenzake gani aliyekuwa ngao yake?

Kwa hiyo, katika mwaka huu wa shukrani, naliomba Baraza la Wazee la usharika wetu lifikirie mambo matatu. La kwanza, kila kijana anayeanza mafundisho ya kipaimara apewe wenzake wawili au watatu wa kutembea nao, na mzee mmoja au mama mmoja wa kuwaangalia, na kifungo hicho kiendelee hata baada ya siku ya kubarikiwa. Hata wale walio mbali wanaweza kutunzana kwa simu, wakiamua. La pili, tuwatembelee wazee wetu walio hai, tuandike au kurekodi wanayoyakumbuka kuhusu imani yao, sala zao, na namna Mungu alivyowavusha katika siku ngumu. Kila mwaka tunaozika mzee bila kumsikiliza, tunazika pamoja naye kitabu ambacho hakuna atakayekisoma. La tatu, na hili ndilo gumu zaidi, tuwape vijana nafasi ya kusema mbele yetu wanayoyaona katika Kanisa hili, hata kama yatatuhusu sisi wenyewe na nyumba zetu, nasi tuyasikilize mpaka mwisho kabla ya kuwajibu.

Waliotutangulia walitupokeza imani wakiwa na vitu vichache sana. Hawakuwa na vipaza sauti, wala magari, wala kanisa la matofali ya kuchoma. Walikuwa na Neno, walikuwa na jirani zao, na walikuwa na muda wa kuketi. Neno bado tunalo, na jirani bado tunao. Mungu atujalie na muda wa kuketi, ili wale watakaokusanyika hapa baada ya miaka mingine mia moja wamkute Kristo yuleyule, na wawe na mtu wa kuwaeleza jinsi walivyompokea.

Kwake yeye, Mchungaji Mkuu, uwe utukufu katika Kanisa vizazi vyote. Amina.